Sehemu ya Kwanza

Jumapili, saa tatu usiku, msimu mpya.
Miezi kumi na minne tumengoja
tujue kama Tamima yu hai,
jasusi wetu, aliyeachwa akizama chini ya daraja la Nyali,
risasi begani, siri mdomoni.
Bi Zaharia wa Langoni ameshamzika mara mbili
na kumfufua mara tatu,
na deni la king'amuzi bado hajalipa.

Tulijaa ukumbini kwake kama tende kandani,
watoto mbele, mbaazi na mahamri katikati,
Twalib juu ya kigoda ameshika waya:
"Kulia kidogo. Basi. Asipumue mtu."

Yu hai!
Tulipiga vigelegele hata punda wa nje akaitika.
Amenyoa nywele, ana jina jingine,
na yuko wapi? Yuko hapa hapa, Amu,
anapita chini ya wikio la kina Mselem
kwa mwendo ambao mtu wa Amu hatembei.
"Jasusi gani huyu," Bi Zaharia akafyonza,
"apita barazani hasalimu?
Kwetu angejulikana kabla ya adhuhuri."

Tukaikumbuka ile wiki ya kupigwa picha.
Walitupa mia tano kila nyumba
tufunge madirisha, tusianike nguo, tumfiche jogoo.
Njia iwe tupu, walisema.
Mji wa watu wenye macho
tukalipwa tusione.
Mume wangu, Shekuwe, hakuwepo.
Wiki ile alikuwa Mombasa
akitafuta pampu ya injini.

Sasa kamera ikapaa
kama mwewe aliyeona kifaranga:
mapaa ya makuti, matangi meusi ya maji,
Tamima mdogo kama sisimizi
akienda kuacha bahasha ndani ya kidaka.
Na kwenye kichochoro cha pili, pembeni kabisa mwa picha,
asipotakiwa kuwepo mtu,
kofia.

Uso hauonekani. Kwa juu, mwanamume ni kofia na mabega.
Lakini ile nimeidarizi mimi,
tangu Rajabu hadi Mfunguo Mosi,
tobo kwa tobo, hadi kidole kikaota sugu;
na utosini, nilipokosea hesabu,
nikaliziba kosa kwa nyota ya ncha saba.
Hakuna ya pili Amu nzima.

Kofia ikasimama.
Ikageuka kushoto, ikageuka kulia
(vizuri kumshinda Tamima)
ikaingia mlango wa kijani.

Sekunde nne. Labda tano.

Hakuna aliyesema neno.
Bi Zaharia akaitisha chumvi, na chumvi iko mbele yake.
Mwanakheri, aliyekaa kulia kwangu,
mwenye mlango wa kijani,
akaacha kutafuna.
Nikamsogezea bakuli.
"Ongeza mbaazi," nikamwambia, "zitapoa."
Akapokea kwa mikono miwili.

Kwenye kioo, kanali mwenye kitambi alipiga meza:
"Kati yetu hapa yumo msaliti!"
Watoto wakapiga kelele, kila mmoja na jina lake.
Sisi wakubwa tukatazama mkeka.
Kisha stima ikakatika, kama ada yake,
pale pale Tamima alipoichana bahasha.

Tuliagana gizani kwa heshima zote.
Mwanakheri alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida,
au ni mimi niliyemshika.

Shekuwe alirudi saa tano, akanikuta jikoni na kurunzi.
Yeye huwa hatazami;
husema ni mambo ya wanawake na watoto.
"Haya, huyo jasusi wenu," akauliza,
huku akitundika kofia msumarini,
"safari hii ameanzaje?"

Nikainua mwanga, nikahesabu ncha.
Saba.

"Pole pole," nikasema.
"Unajua sehemu ya kwanza,
huwa ni ya kujulishana watu tu."